Mlango Uko Wazi, Lugha Je? Vyombo vya Kidijitali na Uwazi wa Bunge la Kenya

Utangulizi

Bunge ni nyumba ya maneno. Kila linalotendeka humo, kuanzia dua ya kufungulia kikao hadi kutangazwa kwa matokeo ya kura, hutendeka kwa kusema. Na lisemwalo humo ndilo hatimaye huwa sheria inayomfunga hata yule ambaye hakuwahi kulisikia. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo wananchi wanaliona Bunge lao haliwezi kutenganishwa na swali la lugha, ingawa aghalabu maswali haya mawili hujadiliwa katika vyumba tofauti: la kwanza na wanasheria pamoja na wataalamu wa tarakilishi, la pili na sisi wa Kiswahili. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vyombo vya kidijitali vilivyoifikisha mijadala ya Bunge la Kenya kwa raia katika miongo miwili iliyopita, na kisha kuonyesha mahali ambapo mlango huo uliofunguliwa unakwama. Rai yetu ni kwamba unakwama kwenye lugha, na kwamba kukwama huko kuna gharama inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Kutoka Roshani ya Wageni hadi Kioo cha Simu

Kwa miaka mingi raia aliyetaka kujua mbunge wake alisema nini alikuwa na njia chache. Angesafiri hadi Nairobi aketi katika roshani ya wageni. Angesubiri muhtasari wa redio na magazeti. Au angetafuta nakala ya Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ambazo kwa mtu wa Lodwar au Lamu zilikuwa kama hazipo.

Badiliko la kwanza la maana halikutoka Bungeni. Mnamo mwaka 2005 vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, walianzisha tovuti waliyoiita Mzalendo. Kisa chenyewe kinafahamika: Bunge lilikuwa na tovuti yake, lakini ilifungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba maelezo ya maisha na elimu yao yalikuwa yameanikwa hadharani. Waanzilishi hao wakaamua kuikusanya habari hiyo wao wenyewe, wakawa wanaorodhesha wabunge, hoja walizozitoa na miswada iliyokuwa mbele ya Bunge. Mwaka 2012 tovuti hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa shirika la mySociety la Uingereza, na mchango wa kila mbunge katika Hansadi ukawekwa chini ya jina lake. Raia aliweza sasa kubofya jina akaona kama mwakilishi wake amesema neno lolote tangu achaguliwe. Walikuwapo ambao kurasa zao zilikuwa nyeupe.

Bunge lenyewe lilifuata. Kanuni za Kudumu zilifanyiwa marekebisho mwaka 2008, wakati Kenneth Marende alipokuwa Spika, na mwaka huohuo mijadala ikaanza kupeperushwa moja kwa moja. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 118 inaliagiza Bunge kuendesha shughuli zake kwa uwazi, kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria, na kutowafungia nje umma au vyombo vya habari ila pale ambapo Spika ameridhika kwamba kuna sababu za kipekee. Leo Hansadi, miswada na ratiba za vikao huwekwa mtandaoni, na vikao hutazamwa kwa simu ya mkononi. Aliye na simu hiyo, umeme wa kuichaji na pesa za kununua data, huyo ameketi rohoni mwa Bunge. Wasio navyo ni wengi, na hao bado wanategemea redio. Hilo ni suala zito linalostahili makala yake.

Majina ya Kiswahili, Maudhui ya Kiingereza

Hebu tuyatazame majina. Mzalendo ni neno la Kiswahili. Ushahidi, jukwaa la kukusanyia ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi ambalo Okolloh na wenzake walilianzisha mwaka 2008, nalo ni neno la Kiswahili. Anayeyasikia majina hayo hutarajia kwamba akiingia ndani atakaribishwa kwa lugha iyo hiyo. Aingiapo hukuta kwamba Kiswahili kiliishia mlangoni, kama jina zuri la duka ambalo bidhaa zake zote zimetoka ng'ambo. Hatusemi haya kwa kuwabeza waanzilishi, kwani walifanya kazi ambayo idara za kitaaluma, ikiwemo yetu, hazikuifanya. Aidha, malighafi waliyokuwa nayo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiingereza. Tovuti haiwezi kufungua kilichofungwa katika chanzo chake.

Historia ya chanzo hicho inatuhusu sana. Mnamo Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba Bunge litumie Kiswahili, na kwa miaka michache wabunge walijadiliana kwa Kiswahili ilhali miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo ilikuwa ya ajabu: maandishi yaliyo mezani ni ya lugha moja, mjadala kuyahusu ni wa nyingine, na baina ya hizo mbili kila mbunge ni mfasiri wa dharura. Mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa kando ya Kiswahili. Katiba ya 2010 ilikwenda mbele zaidi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 120 kinasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kwamba pakitokea mgongano baina ya matoleo ya sheria katika lugha tofauti, toleo lililotiwa sahihi na Rais ndilo litakalofuatwa. Tuzingatie maneno hayo ya mwisho. Waandishi wa Katiba waliona mbele siku ambapo sheria moja ingekuwa na matoleo zaidi ya moja, wakaiwekea kanuni. Kanuni ipo, matoleo ndiyo yaliyo adimu.

Bunge la Taifa limekwisha kuwa na Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Kanuni hizo zinamtaka mbunge anayeanza hotuba yake kwa lugha moja aendelee na lugha hiyo hadi atakapomaliza. (Sharti hili ni kali kuliko lile la kumbi nyingi za mihadhara ninazozijua, ambamo mhadhara wa fasihi ya Kiswahili huweza kubadilisha lugha mara tatu kabla ya saa kwisha.) Hansadi nayo huchapisha kila hotuba kwa lugha iliyotolewa. Matokeo yake kwa mtumiaji wa mtandao ni ya kushangaza kidogo. Mkulima anayetafuta katika Hansadi neno "sukari" atapata hotuba za wale tu waliozungumza kwa Kiswahili. Mjadala mrefu wa kamati kuhusu bei ya miwa, uliofanywa kwa Kiingereza, hautatokea kabisa kwenye kioo chake. Mashine haimwambii kwamba amekosa kitu. Ataondoka akiamini kwamba amesoma yote yaliyosemwa.

Kutotozwa na Kusamehewa

Huenda msomaji akajibu kwamba dawa ni kutafsiri, na kwamba siku hizi tafsiri hufanywa na tarakilishi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Naomba nitoe mfano kutoka kwangu mwenyewe.

Mswada wa Fedha wa mwaka 2025 ulipotolewa, mjomba wangu anayefuga kuku aliniomba nimweleze kuna nini ndani yake kuhusu chakula cha mifugo. Niliufungua mtandaoni bila shida. Hapo ndipo uwazi wa kidijitali ulipofanya kazi yake. Nikaona kwamba malighafi za kutengenezea chakula cha mifugo, pamoja na usafirishaji wa miwa kutoka mashambani hadi viwandani, vilipendekezwa kuhamishwa kutoka orodha moja ya ushuru wa thamani ya ziada hadi nyingine. Nikamwandikia kwa furaha: "Mjomba, malighafi za chakula cha kuku zitasamehewa ushuru." Akanijibu kwa kunishukuru, tena akaniambia amewatangazia wafugaji wenzake.

Nilikuwa nimempotosha. Katika sheria ya ushuru huo kuna makundi mawili ambayo kwa Kiswahili cha kawaida sote tungeyaita "yasiyotozwa ushuru". Kundi la kwanza ni la bidhaa zinazotozwa kwa kiwango cha sufuri. Kundi la pili ni la bidhaa zilizosamehewa. Mnunuzi wa mwisho haoni ushuru katika risiti ya lolote kati ya haya mawili, na kwa hivyo hudhani ni mamoja. Tofauti iko nyuma ya pazia. Mwenye kuuza bidhaa ya kiwango cha sufuri bado yumo ndani ya mfumo wa ushuru: ule ushuru wa asilimia 16 alioulipa aliponunua mifuko, mitambo na huduma za kuendeshea biashara yake, anaweza kuudai arudishiwe. Mwenye kuuza bidhaa iliyosamehewa yuko nje ya mfumo. Ushuru alioulipa haurudi. Ataufanyaje? Atauweka katika bei, na bei itateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa mfuga kuku. Kuhamishwa kutoka sufuri kwenda kwenye msamaha kwa hiyo ni habari mbaya kwa mjomba wangu, japo neno lenyewe "kusamehewa" katika lugha yetu ni neno la neema, lenye harufu ya dini na ya mahakama. Anayesamehewa hupiga magoti na kushukuru.

Hapa hapakuwa na kosa la sarufi wala la kamusi. Ukifungua kamusi utaona kwamba nilitafsiri sawasawa. Kosa lilikuwa la istilahi: lugha ilikuwa haijaamua, mahali panapojulikana na wengi, kwamba neno hili litabeba dhana hii na lile litabeba ile. Mashine ya kutafsiri hujifunza kutokana na maandishi yetu; ikiwa sisi hatujatofautisha, nayo itatupatia "kusamehewa" na "kutotozwa" kama vijalizo vya sentensi moja, tena kwa ufasaha unaotuliza shaka. Tafsiri mbovu iliyo dhahiri humfanya msomaji aulize. Tafsiri laini iliyokosea humfanya apige makofi.

Yako pia matatizo ya umbo. Mswada wa marekebisho hausemi sheria itakuwaje. Husema tu kwamba katika kifungu fulani cha sheria fulani neno fulani lifutwe na mahali pake pawekwe jingine. Anayeusoma pekee yake ni kama anayesoma orodha ya masahihisho ya kitabu bila kuwa na kitabu. Kuuweka mswada huo mtandaoni hakumfaidi raia mpaka apatikane mtu wa kuushonea kwenye sheria mama na kumwambia: awali ilisema hivi, sasa itasema vile. Kazi hiyo ni ya ufafanuzi wa matini, ambayo sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kwa miaka, ila tu tumezoea kuifanyia tenzi.

Yaliyotukia Juni 2024

Mwaka mmoja kabla ya kosa langu, nchi ilikuwa imekwisha kuona nguvu ya ufafanuzi wa aina hiyo. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza, miongoni mwa mengine, mkate utozwe ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16, mafuta ya kupikia ya mimea yatozwe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, na magari yatozwe kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Vijana waliupakua, wakaugawa vifungu, wakaueleza kwa video fupi kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za jamii mbalimbali. Wengine walitengeneza programu za akili mnemba ambazo mtu angeziuliza maswali kuhusu mswada huo. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na wabunge wakamiminiwa ujumbe hadi baadhi yao wakalalamika hadharani. Pendekezo la mkate liliondolewa kabla ya kura ya mwisho.

Mnamo tarehe 25 Juni 2024 wabunge waliupitisha mswada huo kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi. Sina nia ya kuyageuza mauti hayo kuwa mfano wa isimu. Ninachosema ni kwamba walioandamana walijua wanachokipinga, kifungu kwa kifungu, na kwamba walikijua kwa lugha wanazozungumza majumbani mwao.

Nataka pia tuione namna kura ile ilivyopigwa, kwa kuwa inatufunza mpaka wa teknolojia. Majina yalihesabiwa, na ndiyo sababu orodha ya waliosema ndiyo na waliosema la iliweza kuenea nchini kabla ya jua kutua. Maamuzi mengi ya Bunge hayafanywi hivyo. Spika huuliza, wanaokubali huitikia kwa pamoja, wanaokataa huitikia kwa pamoja, naye huamua upande upi una sauti zaidi. Kura ya mdomo haiachi jina. Tovuti iliyo bora kuliko zote, Hansadi iliyo kamili kuliko zote, haiwezi kumwonyesha raia kile ambacho hakikuandikwa.

Kuhusu Sheng, wako wahadhiri wetu waliosononeka kwamba mjadala mzito kama huo ulifanyiwa lugha ya vijiweni. Nawaheshimu, ila siafikiani nao kikamilifu. Sheng iliwafikia watu kwa siku chache mahali ambapo Kiswahili sanifu kilikuwa hakijajitayarisha kufika. Hata hivyo Sheng haitulii. Neno lililoeleweka Juni huenda Disemba likamaanisha jingine, nayo sheria huishi miaka hamsini.

Jirani Yetu wa Kusini

Ikiwa kikwazo chetu ni lugha, ni halali kuuliza mambo yako vipi mahali ambapo lugha si kikwazo. Bunge la Tanzania hujadiliana kwa Kiswahili, na taarifa zake rasmi za majadiliano huchapishwa kwa Kiswahili. Anayezitafutia neno "sukari" hulipata. Huko nako sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Lakini mnamo Januari 2016 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la umma halingeendelea kuonyesha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, na ikatoa sababu ya gharama. Wabunge wa upinzani walipinga kwa nguvu. Kwa hiyo jirani zetu walikuwa na lugha iliyo wazi wakapunguziwa mlango, nasi tuna mlango ulio wazi tukapungukiwa na lugha. Anayedhani kwamba Kiswahili peke yake kitaleta uwazi na ayatazame ya 2016. Anayedhani kwamba intaneti peke yake italeta uwazi na amtazame mjomba wangu.

Wala mlango wenyewe haupaswi kuchukuliwa kuwa umefunguliwa daima. Mwishoni mwa Mei 2025 msanidi programu mmoja alikamatwa jijini Nairobi kwa sababu ya kutengeneza tovuti iliyowarahisishia raia kuituma barua pepe ya kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa Bunge. Alishtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Mahakama iliyatupilia mbali mashtaka hayo mwezi Juni. Kitendo alichoshtakiwa nacho ni kile kile ambacho Kifungu cha 118 kinaliamuru Bunge kukiwezesha.

Mahali pa Kuanzia

Yawezekana kuanza na jambo dogo. Mwishoni mwa kila mswada wa Kenya huwa kuna sehemu fupi inayoeleza malengo na sababu za mswada huo. Mara nyingi ni kurasa moja au mbili, na lugha yake ni nyepesi kuliko ya vifungu vyenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili, katika chuo chochote, kinaweza kuitafsiri ndani ya juma moja la kuchapishwa kwa mswada, ikasomwa na mhadhiri wa tafsiri na mwanafunzi mmoja wa sheria, kisha ikatolewa kwa vituo vya redio na kwa yeyote aitakaye. Haihitaji ruhusa wala ufadhili. Kila tafsiri itaacha nyuma yake maneno kumi au ishirini yaliyoleta ubishi, na maneno hayo yakikusanywa ndiyo yatakuwa faharasa ya Bunge, iliyozaliwa na matumizi badala ya kuzaliwa na semina.

Kwa upande wangu naanza na mawili yaliyoniaibisha. Kwa bidhaa za kundi la kwanza napendekeza "ushuru sufuri", kwa kuwa neno ushuru linabaki na kumkumbusha msomaji kwamba muuzaji yumo ndani ya mfumo. Kwa kundi la pili napendekeza tuliache kabisa neno "msamaha" na kusema "bidhaa za nje ya ushuru". Nimemsomea mjomba yote mawili kwa simu. La kwanza alilielewa upesi. La pili aliniuliza kama ni bidhaa zinazoletwa kutoka ng'ambo, kwa hivyo bado halijafaulu, na msomaji mwenye neno bora kuliko hilo anakaribishwa kuliandikia jarida hili.